Mwalimu wa Moshi anauliza: mapango ya pwani yalichongwa na nani?

Swali: "Shikamoo. Nafundisha jiografia kidato cha pili hapa Moshi. Likizo ya Desemba tunataka kuwapeleka wanafunzi 32 pwani wakaone mapango yaliyochongwa na bahari. Kila ninayemuuliza ananitajia Amboni, kule Tanga. Mwalimu mwenzangu anabisha, anasema pale bahari haihusiki. Nani mkweli? Na kama yapo mapango ya mawimbi yenyewe, tutayaonaje bila kuleta msiba shuleni?"

Marahaba, mwalimu. Mwenzako ndiye mkweli, ingawa bahari nayo haiwezi kujitoa kabisa kwenye kesi hii.

Mwamba wa Amboni ni chokaa ya zama za Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita. Wakati huo eneo lile lilikuwa chini ya maji, na mabaki ya viumbe vya baharini yalilundikana, yakakandamizwa, yakawa jiwe. Kwa hiyo jiwe ni la bahari. Shimo lililomo ndani yake ni kazi ya mvua. Maji ya mvua yakipita hewani, na zaidi yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, hubeba hewa ya kaboni dioksaidi na kuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo hupenya kwenye nyufa za chokaa na kuila polepole sana. Ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa chumba. Baadaye maji yakishuka chini zaidi, chumba kinabaki kitupu na matone ya darini yanaanza kujenga zile nguzo tunazoziita stalaktiti na stalagmiti.

Kabla ya safari wafanyie wanafunzi jaribio la senti chache: ganda la yai ndani ya glasi ya siki. Vipovu vitakavyotoka ndiyo Amboni kwa ufupi. Kisha dumbukiza kokoto nyeusi ya mlimani kwenu kwenye siki hiyohiyo. Haitatokea kitu, kwa kuwa ile ni lava iliyoganda, haina chokaa. Mtoto akishaona hivyo hutahitaji kumkaririsha kwa nini mapango ya Marangu ilibidi Wachagga wayachimbe kwa mikono yao ili wajifiche wakati wa vita, ilhali Amboni hakuna aliyeshika jembe.

Na kwa kuwa mnatoka Moshi, hakuna mtu Tanga atakayewaacha mwondoke bila kuwasimulia habari ya mbwa. Inasemwa kwamba Wazungu wawili waliingia Amboni na mbwa wao, wakapotea moja kwa moja, na mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Wengine humtoa Mombasa. Ni hadithi tamu, wasimulie bila kuiharibu, halafu waambie kwamba mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango yale wakakuta ni kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote lina mita 900 tu. Toka Amboni hadi kwenu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300. Huyo mbwa alipanda basi.

Sasa tuje kwenye mawimbi.

Pango la bahari kwa maana kamili ni lile ambalo mawimbi yenyewe yamelichimba kwenye jabali la ufukweni. Kanuni yake ni ya kibabe kuliko ile ya Amboni, haihitaji chokaa wala tindikali. Wimbi likigonga jabali lenye ufa, maji yanaisukuma hewa iliyomo ndani ya ufa na kuibana kwa nguvu. Wimbi likirudi nyuma, hewa ile inafumuka. Kubanwa na kufumuka, mchana na usiku, mpaka ufa unapanuka na vipande vinang'oka. Vile vipande havipotei. Mawimbi yanavirusha tena ukutani pamoja na mchanga, vinasaga kama msasa. Chumvi nayo inakauka kwenye vitundu vya jiwe, inaota chembe, inalivunja kutoka ndani. Pale palipo dhaifu panaliwa kwanza, palipo imara panabaki pametokeza. Pango likitoboka upande wa pili unapata tao. Tao likianguka kati, inabaki nguzo imesimama peke yake majini.

Ukitaka ushahidi kwamba mawimbi hayahitaji mwamba laini, wapeleke kwa ramani hadi kisiwa cha Staffa, Scotland. Pale kuna Fingal's Cave, pango lililochimbwa na bahari kwenye nguzo za bazalti, yaani jiwe la ukoo mmoja na ile kokoto yenu iliyokataa kutoa povu. Na New Zealand kuna Matainaka, pango la bahari lenye urefu wa kilomita moja na nusu, refu kuliko yote ya aina yake yaliyokwisha kupimwa.

Kwetu hutayakuta ya namna hiyo, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo mapema wasije wakavunjika moyo. Pwani yetu kwa sehemu kubwa imezungukwa na miamba ya matumbawe iliyo mbele ya ufuko, na wimbi kubwa la bahari kuu huvunjikia huko nje. Linalofika ukutani limekwisha kuchoka. Ndiyo maana mapango makubwa ya pwani tunayoyasikia, Mangapwani na Kuza kule Unguja, au lile la Shimoni upande wa Kenya lililokipa kijiji jina lake, mengi yalianzia ndani kama Amboni, kwa maji matamu kuyeyusha jiwe la matumbawe. Mangapwani hadi leo lina dimbwi la maji baridi ndani. Kuwa karibu na bahari si sawa na kuchimbwa na bahari. Lipo hata lililo mbali kidogo na ufuko, Panga ya Saidi kule Kilifi, ambamo watafiti walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Hilo liweke akiba kwa mwalimu wa historia.

Kilicho cha mawimbi kwetu, na ambacho binafsi nakiona ni somo zuri kuliko pango lenyewe, ni ule mkato wa mlalo chini ya magenge. (Nasema magenge kwa lugha ya pwani. Genge la Moshi ni la nyanya na vitunguu. Genge la pwani ni ukingo wa jabali unaoshuka wima baharini.) Magenge mengi ya pwani yetu ni matumbawe yaliyokuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu mita kadhaa kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nje, yakafa, yakawa jiwe gumu lenye makali. Leo bahari inalila jiwe hilo kwa chini, usawa ule ambao maji hupanda na kushuka kila siku. Inasaidiwa na wadudu na konokono wa baharini wanaokwangua ukuta kutafuta chakula, na wengine wenye miiba wanaojichimbia vishimo vya kulala. Unapata jabali lenye kichwa kipana na shingo nyembamba, kama uyoga. Panapokuwa na ufa, mkato unaingia ndani zaidi, na hapo ndipo unapata pango dogo la kweli la bahari, la kuinama na kuingia watu watatu wanne.

Ule mwamba maarufu wa Pingwe, Unguja, wenye mgahawa juu yake, ambao kila mtu ana picha yake kwenye simu, ni mabaki ya kazi hiyo hiyo. Ulikuwa sehemu ya jabali pana. Mawimbi yamelila pande zote, likabaki bonge moja. Maji yakipwa watu huufuata kwa miguu. Yakijaa wanavushwa kwa mtumbwi. Mahali ni palepale, mlango ni uleule, ila kwa saa chache tu umekwenda kwa miguu au umeogelea. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la msiba.

Watu wa mlimani maji wanayoyajua yana njia moja. Yanashuka mlimani, yanaingia mfereji, yanafika kihambani, kwenye shamba la migomba, basi. Yakikutisha, unasubiri yapite. Maji ya bahari yanarudi. Mawimbi yaliyochimba pango yanarudi kulichimba mara mbili kila siku, na yakikukuta ndani hayana habari kama wewe ni mwalimu. Watu wengi wakipanga kwenda kwenye mapango ya pwani wanauliza njia na nauli. Mimi nakwambia anza na saa za maji.

Kati ya maji kupwa na maji kujaa kuna saa sita na dakika kama kumi na mbili. Kila siku nyakati hizo husogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, kunakuwa na bamvua: maji yanatoka mbali sana na kurudi juu sana, na kwa Tanga na Unguja tofauti inaweza kufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haisogei sana. Wavuvi wa pwani hawahitaji karatasi kwa hili, wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu: kuanzia tarehe mosi na kuanzia tarehe 15, bamvua. Wewe utahitaji karatasi. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la mwaka mzima, na kwenye simu yapo mengi. Hakikisha tu umechagua Tanga na si bandari nyingine.

Halafu kuna mtego ambao sijawahi kuuona kwenye kitabu chochote cha wageni, kwa sababu ni mtego wetu sisi wasema Kiswahili. Jedwali huandikwa kwa saa za kimataifa. Likisema maji kupwa 10:40, maana yake ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mtu akisoma haraka anasema "saa kumi na dakika arobaini". Amekosea kwa saa sita. Na kwa bahati mbaya, saa sita ndiyo karibu sawasawa tofauti kati ya kupwa na kujaa. Kosa la namna hiyo kwenye ratiba ya basi linakuchelewesha. Kwenye jedwali la maji linakugeuzia bahari juu chini: unafika wakati wa kujaa ukiamini ni wakati wa kupwa.

Najua kwa sababu yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda mashariki ya Unguja na vijana wawili kupima mikato ya magenge. Mmoja aliandika daftarini "kupwa 10:40". Mwenzake akaisoma na kututangazia saa kumi na dakika arobaini jioni, nami mkubwa wao sikuangalia. Tukala wali samaki bila haraka. Saa nane mchana tukashuka, maji yakiwa nusu, sote tukijua kwamba yanatoka. Tukaingia kwenye kipango kimoja chini ya genge, tukatoa futi na tochi. Wimbi likagusa vifundo vya miguu, tukasema ni la mwisho mwisho hilo. Likafika gotini. Bado tulikuwa tunabishana na macho yetu kwa sababu ya daftari. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa mwani aliyekuwa anapita juu, alipoona mikoba yetu kwenye jiwe akapiga kelele: "Nyinyi! Maji yanajaa hayo!" Tulitoka tumeshikilia ukuta, matumbawe yamenichana mikono yote miwili, simu na viatu vimebaki huko. Hatukuwa ndani hata dakika arobaini.

Kwa nini yalikuja kwa kasi hiyo? Wafanyie wanafunzi hesabu hii, mabaharia wanaitumia tangu zamani. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30 tu, mtu anajisemea hakuna haraka. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, na ya nne 90 tena. Sentimita 90 kwa saa moja ni kiuno cha mwanafunzi wako wa kidato cha pili. Sisi tulishuka mwanzoni mwa saa ya nne.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, na naomba usiulegeze hata mtu akikushawishi: wanafunzi 32 hawaingii pango lolote la mawimbi. Hata dogo, hata la dakika mbili, hata kijana wa boti akisema anawaingiza kila siku. Mawimbi huja kwa mafungu, madogo kadhaa halafu makubwa mawili matatu, na ndani ya pango hakuna pa kukimbilia. Ureno wana pango la Benagil linalojulikana dunia nzima. Watu walijaa mno hadi serikali ikapiga marufuku kuliogelea na kushuka kwenye mchanga wake. Mkato wa genge unaonekana vizuri zaidi ukisimama mbele yake, hatua kumi nje, kuliko ukiwa ndani.

Amboni ingieni. Lile ni pango la nchi kavu, bahari haifiki, na kuna waongozaji wa pale pale. Siku hizi liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kati ya mapango yote kumi, ni moja tu linalotembelewa, na linatosha. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinanyesha, njia inateleza na kuna sehemu za kupita kwa kuinama, kwa hiyo wagawe makundi mawili na uwaulize mapema wenye pumu na wanaoogopa giza. Nguzo za chokaa zisishikwe wala kuvunjwa kipande cha kumbukumbu; huota chini ya milimita moja kwa mwaka. Popo nao watazamwe kwa tochi tu. Si kuwatia hofu watoto, lakini pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, upande wa Kenya, lilihusishwa na wagonjwa wawili wa Marburg, mwaka 1980 na 1987, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Kitum, nikiwa nimelitaja, lina fundi wa ajabu kuliko wote: tembo. Huingia usiku wakachokoa ukuta kwa pembe kutafuta chumvi, na wamelipanua. Naweni mikono kwa sabuni mkitoka, kabla ya kugusa vitumbua.

Ndani ya Amboni, na kwenye mapango mengi ya pwani, mtakuta vitambaa, ubani, sahani za sadaka. Ni mahali pa mizimu kwa wenyeji, watu huja kuomba mtoto, kuomba afya. Sitakwambia uwafundishe wanafunzi waamini nini. Waambie tu kwamba hapo ni kwa watu, wapite kama wanavyopita kwenye makaburi ya kihambani kwa babu.

Safari yenyewe ni ya siku tatu, kwa siku mbili haifai. Siku ya kwanza ni ya njiani: Same, Mombo, Korogwe, Segera, kisha kushoto kupitia Muheza, kilomita 350 hivi hadi Tanga. Siku ya pili asubuhi, magenge ya Raskazone, palepale Tanga mjini. Mchana, Amboni, ambayo iko kilomita 8 tu kaskazini ya mji. Siku ya tatu nyumbani. Panga siku ya pili iangukie siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa sababu kwenye bamvua maji ya Tanga hupwa katikati ya asubuhi, saa nne hadi saa tano na ushei, na magenge yanakuwa wazi hadi miguuni. Kwenye maji mafu kupwa kunaangukia alfajiri na jioni, na hata hivyo hakutoi mengi. Bamvua inarudi kwa kasi zaidi, kweli, lakini ukijua saa yake ni salama kuliko maji mafu usiyoyajua saa. Shukeni saa moja na nusu kabla ya kupwa, maji yakiwa bado yanatoka. Dakika ya kupwa ikifika, piga filimbi, wote juu. Usingoje uone maji yakigeuka. Na siku mbili kabla, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa: wakitangaza upepo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2 kwa pwani ya Tanga, Raskazone ifuteni, bakini na Amboni.

Andika saa hizo ubaoni kwa namna zote mbili, 10:40 na "saa nne na dakika arobaini asubuhi", na mwanafunzi mmoja azisome kwa sauti mbele ya wote.

La mwisho ni viatu. Kandambili zinateleza na matumbawe yanakata kama wembe, na raba nyeupe za shule hazitarudi nyeupe. Waambie wazazi wapite Memorial, soko la mitumba la Moshi, watafute raba za mtumba zenye soli ngumu na kamba zinazofungika, hata kama zimechakaa juu.